Waya Uliolazwa: Habari za Kelele za Radio katika Nchi ya Mara

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza habari za waya unasao mawimbi ya radio, na kelele zilizoufuata tangu matangazo ya Dar es Salaam yalipoanza mwaka 1951.

Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilihutubia taifa juu ya vita na Idi Amin, na hotuba ile ikapelekwa hewani. Kwa mtu wa Musoma habari hiyo haikuwa ya mbali, maana Uganda i ng'ambo ya ziwa. Lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800, na kupoteza neno moja kwa mkwaruzo halikuwa jambo dogo.

Mikwaruzo hiyo ina asili mbili. Ya kwanza ni radi. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na hapo mawingu ya ngurumo huumuka. Ndiyo sababu Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kabisa ulimwenguni. Kila umeme upigapo hutoa mawimbi ya radio, nayo husumbua masafa ya kati kuliko masafa mafupi. Jambo hili lilijulikana mapema, hata Mkutano wa Radio wa Kairo, mwaka 1938, ukazitengea nchi za joto sehemu yao katika masafa mafupi.

Asili ya pili ni mitambo: cheche za injini ya lori, mota ya kinu cha kusagia nafaka, waya wa umeme uliolegea. Hapa waya wa radio waweza kusaidia. Mwaka 1888 Heinrich Hertz, mtaalamu wa Kijerumani, alionyesha kwamba mawimbi haya yana mkao. Aliyawekea kiunzi cha nyaya sambamba, yakazuiwa. Akakigeuza kiunzi robo ya mzunguko, yakapita. Basi kelele ya mtambo wa jirani hutambaa juu ya ardhi, na ardhi huyafifisha mawimbi yaliyolala, yakabaki zaidi yale ya wima. Waya uliosimamishwa huyapokea hayo kwa wingi. Uliotandazwa kati ya miti miwili hupokea machache. Je, matangazo nayo hayapotei? La. Mawimbi mafupi hupanda juu, yakarudishwa na tabaka la anga liitwalo ayonosfia, na huko mkao wake huvurugwa, hata waya uliolala huyanasa vema.

Walakini hatuahidi makubwa. Kelele za radi ya mbali hushuka kwa njia ile ile ya angani, wala waya hauwezi kuzibagua. Tena waya uliolala husikia zaidi ubavuni kuliko nchani. Mtu wa Bunda akiuelekeza ubavu mmoja kusini-mashariki, iliko Dar es Salaam, ubavu wa pili watazama kaskazini-magharibi, yaani ziwani kwenyewe! Na ngurumo zikisogea karibu na nyumba, hana budi kuuchomoa waya katika radio yake, hata kama hotuba haijafika katikati.