Mfungashaji kama Mdhamini: Hoja kuhusu Vifurushi vya Programu katika Seva za Upangishaji

Neno kifurushi limetekwa na kampuni za simu. Ukilitamka mtaani, msikilizaji anawaza dakika na MB. Wasimamizi wa seva wanalitumia kwa maana ya zamani zaidi: mzigo uliofungwa, unaojulikana kilichomo na umetoka kwa nani. Ndani ya kifurushi cha mfumo wa Debian mna programu iliyokwisha kujengwa, orodha ya programu nyingine inazozitegemea, namba ya toleo, jina la anayekitunza, na maagizo ya kufuatwa wakati wa kusakinisha na kuondoa. Makala haya yanashikilia kwamba katika seva inayopangisha tovuti nyingi, aliyefunga mzigo huo ana uzito sawa na aliyeandika programu, na pengine kumzidi, ilhali yeye ndiye asiyeulizwa na mtu.

Upangishaji wa tovuti nyingi kwenye anwani moja ya IP ulipata msingi rasmi Januari 1997, kanuni za HTTP/1.1 zilipokitaka kila kivinjari kitaje jina la tovuti kinayoiomba. Tangu hapo seva ikawa kama nyumba ya vyumba: wapangaji hawajuani, lakini ua ni mmoja na mita ya umeme ni moja. Mmoja akiacha mlango wa uani wazi, mwizi haulizi chumba hiki ni cha nani.

Mwaka huohuo Apache 1.2, programu ya kuhudumia tovuti, ilikuja na programu ndogo iitwayo suexec, ambayo kazi yake ni kusimamisha kuta kati ya vyumba: programu ya mpangaji iendeshwe kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la Apache. Kwa sababu za usalama, saraka inamoruhusiwa kufanya kazi haiandikwi kwenye faili la mipangilio. Inawekwa ndani ya suexec yenyewe inapojengwa. Na anayeijenga ni nani? Mfungashaji. Debian ilichagua /var/www. Mwenye seva aliyewaweka wateja wake kwenye /home alikuta suexec inawakatalia wote, wala hapakuwa na mstari wa kubadilisha. Uamuzi wa mtu mmoja asiyemfahamu ulikuwa umekwisha kupanga ramani ya nyumba yake.

Zilikuwapo njia mbili. Debian yenyewe ilitoa kifurushi cha pili, apache2-suexec-custom, kinachosoma saraka hiyo kwenye faili. Watengenezaji wa Virtualmin, paneli ya kusimamia upangishaji, walishika njia nyingine: waliijenga Apache upya, ikiwa na /home ndani yake, wakaisambaza kutoka kwenye ghala lao. Njia hii ya pili inavutia, lakini gharama yake huja baadaye. Anayefungua kifurushi na kukifunga upya amejitwisha kazi ya kufuatilia kila kiraka cha usalama kinachotolewa kwa programu hiyo, siku zote za uhai wake. Niliwahi kufanya hivyo kwenye seva yangu. Miezi ya kwanza nilijiona fundi. Baadaye kiraka kimoja kikanipita, nami nisijue hadi nilipolinganisha namba za matoleo kwa bahati tu.

Nisieleweke kwamba wafungashaji wa mifumo mikubwa hawakosei. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji, katika Debian aliondoa mistari iliyokuwa ikisababisha maonyo katika chombo cha kukagua kumbukumbu. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha bahati nasibu ya kutengenezea funguo. Kilichobaki kuzitofautisha kilikuwa hasa namba ya mchakato, isiyozidi 32,768 kwa kawaida. Kosa lilitangazwa Mei 2008, na kwa karibu miaka miwili seva za Debian na za mifumo iliyozaliwa nayo, Ubuntu ikiwemo, zilikuwa zikitoa funguo za kubahatishika.

Tukio la xz linafundisha zaidi, kwa kuwa ndani yake mfungashaji anaonekana kwa sura mbili, ya mlango wa hatari na ya kinga. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yana mlango wa uani uliofichwa. Alianza kushuku alipoona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Sehemu muhimu ya hila hiyo haikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu angeweza kuisoma; ilikuwa kwenye bunda la toleo, lile wanalolichukua wafungashaji. Tena ilijiwasha pale tu ilipotambua kwamba inajengwa kuwa kifurushi cha Debian au cha RPM. OpenSSH, programu inayopokea miunganisho hiyo ya SSH, kama inavyotoka kwa waandishi wake haitumii xz kabisa: ni wafungashaji walioiunganisha na maktaba ya systemd, na maktaba hiyo ikaivuta xz. Mwovu alimsoma mfungashaji kuliko sisi tunavyomsoma.

Lakini hila hiyo haikulifikia toleo thabiti la Debian. Iliishia kwenye matawi ya majaribio, kwa sababu toleo thabiti halipokei programu mpya. Kwa kawaida hupokea viraka tu, vilivyorudishwa kwenye matoleo ya zamani. Ukongwe huu, ambao wateja wanaodai PHP mpya huulalamikia kila siku, ndio uliozikinga nyumba nyingi za wapangaji. Wanaosema makasha ya Docker yamemaliza suala hili hawajanishawishi: kila kasha hubeba maktaba zake, kwa hiyo maktaba ikitoboka, badala ya kifurushi kimoja kuna makasha arobaini ya kujenga upya, na aghalabu hakuna anayejua yamejengwa na nani.

Kuhusu usambazaji nitasema jambo moja. Programu ya APT huhakiki sahihi ya kidijitali ya orodha ya vifurushi, kisha hukilinganisha kila kifurushi na orodha hiyo. Kwa hiyo nakala ya ghala inaweza kukaa kwenye seva yoyote bila mwenye seva hiyo kuaminiwa. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukadorora Tanzania na kwa majirani, thamani ya nakala iliyo ndani ya nchi haikuhitaji mhadhiri wa kuieleza.

Basi msomaji mwenye tovuti, kabla ya kulipia mwaka mwingine, muulize aliyekupangisha: PHP inayoendesha tovuti yangu imetoka kwenye ghala gani, na sahihi ya orodha ya ghala hilo ni ya nani? Akishindwa kujibu, hama.