Setilaiti za Majasusi Zimewahi Kuona UFO?

Ndiyo, na si mara moja. Ila si vile unafikiria.

Kuanzia 1970 jeshi la Marekani lilirusha setilaiti za DSP, kama kilomita 36,000 huko juu, zinase joto la kombora la Wasovieti likitoka tu ardhini. Sasa, mtambo kama huo hauchagui moto. Kati ya 1975 na 1992 setilaiti za jeshi zilinasa milipuko 136 juu angani. Makombora? Wapi! Vilikuwa vimondo, mawe yanapasuka kabla ya kufika chini.

Kinachoniudhi ni kwamba wanasayansi wa kawaida walikuja kupewa hesabu hiyo miaka ya 1990, Vita Baridi ikiwa imeisha. Halafu wanashangaa watu wakisema kuna kitu kinafichwa?

Tarehe 6 Juni 2002 jiwe lingine lililipuka juu ya Bahari ya Mediterania. Wakati huo India na Pakistan, zote zina nyuklia, zilikuwa zimekunjiana ngumi kule Kashmir. Lingewahi masaa machache tu, lingeweza kupasukia kwao. Na wao hawakuwa na setilaiti ya kuwaambia ni jiwe.