Fidla ya Shetani

Upo wimbo mmoja wa kantri wa Marekani ambao kila nikiusikia hunikumbusha kosa langu. Unaitwa The Devil Went Down to Georgia, nao uliimbwa na Charlie Daniels pamoja na bendi yake mwaka 1979.

Kisa chake ni chepesi kama ngano za bibi. Shetani amepungukiwa na roho za watu, anakwenda Georgia na kumkuta kijana Johnny akipiga fidla. Wanawekeana dau. Johnny akishinda atapewa fidla ya dhahabu. Akishindwa, roho yake itakwenda. Shetani anapiga kwanza, kisha kijana anajibu.

Daniels, aliyezaliwa Wilmington, North Carolina, mwaka 1936, hakukizua kisa hiki kutoka hewani. Sehemu ya mahadhi aliitoa katika kipande cha mpiga fidla Vassar Clements. Mwaka 1925 mshairi Stephen Vincent Benét alikuwa ameandika juu ya mashindano ya fidla huko huko Georgia. Na nyuma zaidi, katika karne ya 18, Mwitaliano Tartini alidai kuwa alimwota Shetani akimpigia fidla. Naye Paganini, katika karne iliyofuata, alisingiziwa kwamba amejiuza kwa Ibilisi ili apate ustadi wake. Hadithi ni kuukuu. Daniels aliivisha nguo za kwao. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri na ya tatu katika orodha ya nyimbo zote za Marekani, ukapata na tuzo ya Grammy. Daniels alifariki mwaka 2020, lakini wimbo wake ungali unapigwa.

Kwa nini haukuchuja? Wengi husema ni kasi ya fidla, nami sikatai. Lakini wasikilizaji wamebishana miaka yote hii: nani hasa alipiga vizuri zaidi? Wako wanaoapa kwamba Shetani alimzidi kijana. Ubishi huu unawezekana kwa sababu mashindano yenyewe hayana hakimu. Hakuna jopo wala alama. Anayetoa hukumu ni Shetani mwenyewe: anainamisha kichwa, anaiweka fidla ya dhahabu miguuni pa Johnny. Na Johnny, badala ya kushukuru, anazidi kujitapa.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Mwaka mmoja kwaya ya chuo chetu ilishindwa katika mashindano ya vyuo. Mimi, mkuu wa chuo, nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikawashambulia waamuzi kwa maneno makali. Wanafunzi walinyamaza. Walikuwa wamekwisha kuwapongeza wenzao kabla sijafungua kinywa.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika ubaoni mara nyingi kwa mkono wangu mwenyewe. Ilinichukua miaka kutambua kwamba katika wimbo ule baba wa uongo alisema kweli juu ya kushindwa kwake, jambo ambalo mimi, mlezi wa walimu, sikuliweza siku ile.

Kwaya ile sikuwahi kuiomba radhi. Naiomba leo, katika ukurasa huu.