Anayekemea wizi wa jukwaani ana deni la kuhifadhi

Mchezo wa kuigiza huisha usiku uleule unaochezwa. Mswada hubaki, ila pumzi ya mwigizaji na kicheko cha hadhira hutoweka pazia likifungwa. Ndiyo maana tangu jadi wamekuwapo watu wanaoingia ukumbini kihalali na kutoka na mali isiyo yao.

Siku hizi wanatumia simu. Mashabiki wa michezo ya Broadway, New York, husaka video zilizorekodiwa kisirisiri na kubadilishana wao kwa wao. Wengine huona aibu hata kuziuza. Ati ni wizi? Sheria inasema hivyo. Lakini historia hainiruhusu kufunga mjadala hapo.

Uingereza ya karne ya 17 iliyajua haya. Mtunzi Thomas Heywood alilalamika kuwa tamthilia yake ilinakiliwa kwa hatimkato ikiigizwa, kisha ikachapishwa ikiwa imevurugika. Mnamo 1623, John Heminges na Henry Condell, waigizaji wenza wa Shakespeare, walikusanya tamthilia zake 36 kitabuni huku wakizishutumu nakala za wizi zilizotangulia. Takriban nusu ya tamthilia hizo hazikuwa zimechapishwa kamwe, Julius Caesar ikiwamo. Bila kitabu hicho, Mwalimu Nyerere angeitoa wapi tafsiri yake ya 1963? Wawili hao hawakuishia kulalamika. Walihifadhi wenyewe, tena vizuri zaidi.

Huko New York nako, kati ya 1901 na 1903, Lionel Mapleson, mkutubi wa Metropolitan Opera, alirekodi vipande vya maonyesho kwa silinda za nta, akiwa amejibanza na mashine yake juu ya jukwaa. Hakutumwa, ni mapenzi tu. Kila silinda ilibeba dakika mbili hivi, na sauti imejaa mikwaruzo. Hata hivyo, humo ndimo tunamsikia tenori mashuhuri Jean de Reszke akiimba jukwaani.

Nyingi za silinda hizo sasa zimo katika maktaba ya umma ya New York. Ni maktaba hiyohiyo ambayo mwaka 1970, kwa juhudi za Betty Corwin, ilianzisha hifadhi ya michezo iliyorekodiwa kwa idhini. Sharti ni uende ukaitazame palepale. Je, shabiki asiye na nauli afanyeje?

Siwatetei wanaorekodi kisiri. Mwigizaji ana haki ya kuteleza leo na kujirekebisha kesho bila kosa lake kuzungushwa duniani. Ila anayekemea wizi ana deni la kuhifadhi.

Nasi Wakenya tunadaiwa. Ngaahika Ndeenda ilizimwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Maandishi yake tunayo, lakini maandishi hayabebi sauti za wakulima na wafanyakazi walioiigiza. Kila tamthilia ya Kiswahili inayopanda jukwaani leo bila kurekodiwa kwa idhini inaelekea kukohuko. Tusipoirekodi sisi, wajukuu wetu watamshukuru mwizi.