Tumbo Lisilo na Ugonjwa: Sonona na Wasiwasi wa Watoto katika Zahanati za Mwambao wa Nyasa

Mnamo Oktoba 2022, jopo la Marekani lishaurilo juu ya huduma za kinga lilipendekeza kwamba watoto wa miaka 8 hadi 18 wapimwe wasiwasi, na wa miaka 12 hadi 18 wapimwe sonona, hata kama hawajalalamikia lolote. Mwenye kutaka shauri hilo lihamishiwe kama lilivyo katika zahanati za Kihagara, wilayani Nyasa, hana budi kwanza kutujibu suali moja: dodoso likishambaini mtoto, nani atakayemtibu? Kubaini pasipo kutibu ni kumtwisha mlezi hofu mpya bila msaada, nami sioni rehema ndani yake.

Jibu lililozoeleka, kwamba tiba sharti ingoje madaktari bingwa, limekwisha kubatilishwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi, wa Moshi na wa Bungoma, mjini na shambani, waligawanywa kwa kura: baadhi wakaketishwa katika vikundi, mara 12, na washauri wasiokuwa na taaluma ya afya ya akili, waliosalia wakaachiwa huduma za kawaida za yatima. Tiba ilipokwisha, waliotibiwa walikuwa na nafuu zaidi katika sehemu tatu kati ya nne, ikiwemo Moshi mjini. Walakini baada ya miezi 12 tofauti ilibaki Bungoma peke yake, kwa kuwa Moshi hata wasiotibiwa walikuwa wamepoa. Wako watakaoishika natija hiyo waseme, mwacheni mtoto, atasahau. Mimi naisoma vingine. Kweli, kilichopimwa hasa ni mshtuko wa msiba, si sonona yenyewe. Lakini aliyepoa mapema ameokoa usingizi wake na mwaka wa masomo, na nafuu ya wenziwe yaelekea ilitokana na malezi ambayo hatuwezi kuyakisia kwa mtoto wa mvuvi aliyezama, ambaye mama yake ameondoka kutafuta riziki akamwachia bibi.

Mtoto huyo haji zahanati akisema ana huzuni. Huja na tumbo. Kipimo cha haraka cha malaria chatoa mstari mmoja tu, muuguzi aandika kitabuni "maumivu ya tumbo", ampa panado, na baada ya wiki chache ukurasa mwingine wabeba jina lile lile na tumbo lile lile. Basi dodoso tunalo tayari, nalo ni kitabu cha wagonjwa wa nje. Mtoto aliyerudi mara ya tatu bila ugonjwa kupatikana aketishwe faraghani, aulizwe juu ya usingizi, chakula, shule, michezo, nani kaondoka nyumbani na nani ampigaye. Kisha aulizwe bila kificho kama hutamani kufa. Mazungumzo ya baadaye yaweza kukabidhiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akifunzwa na kusimamiwa. Wala mganga wa kienyeji asipuuzwe: utafiti wa Dar es Salaam wa mwaka 2003 ulikuta maradhi ya namna hii kwa asilimia 24 ya watu wazima waliofika vituo vya afya, na asilimia 48 ya waliofika kwa waganga, na mjukuu hupelekwa aendako bibi.

Amitriptilini isiwe kimbilio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu dawa za sonona kwa walio chini ya miaka 12, na kwa vijana waitaja fluoksetini, tena mazungumzo yakishindwa. Atakayesema anataka kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na njiani asiachwe peke yake.