Pug za Lancashire, Vichwa Vifupi vya Gatini

Mwaka 1886 kiwanda cha Vulcan Foundry, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kilitoa vichwa vitatu vya garimoshi, vifupi kuliko kawaida. Mnunuzi alikuwa kampuni ya reli ya Lancashire and Yorkshire, ambayo njia zake zilifika bandari za pande zote mbili za nchi: Liverpool na Fleetwood magharibi, Goole mashariki. Vilifaa. Chini ya mhandisi mkuu John Aspinall, karakana ya kampuni huko Horwich ilianza kuunda vya namna hiyo mwaka 1891, na hadi 1910 ilikuwa imeunda 57. Watu wa reli waliviita Pug.

Ufupi ule ulitokana na gati zenyewe. Reli za bandarini zilijipenyeza baina ya maghala na kupinda popote palipobaki nafasi. Kichwa kirefu kikiingia kona kali kama hizo hukwama, au magurudumu hupanda reli na kutoka njiani. Pug ilikuwa na magurudumu manne tu, kila moja kipenyo cha sentimita 92 hivi, na kutoka ekseli hadi ekseli ni kama mita moja na robo tatu. Yote kwa yote tani 21. Tangi la maji lilikaa juu ya boila, likining'inia huku na huku kama shogi mgongoni mwa punda, na uzito wa maji hayo ukasaidia magurudumu yasiteleze. Nyuma hapakuwa na sanduku la makaa. Makaa yalikaa mumo humo chumbani, pamoja na dereva na mchochea moto, na chumba chenyewe kilikuwa wazi ubavuni. Nawawazia watu wale wawili katika Januari ya Liverpool: uso unaungua kwa tanuri, mgongo unapigwa na upepo wa mto Mersey, na kazi ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, kutwa nzima.

Liverpool ilikuwa bandari ya pamba, na pamba haitaki mzaha na moto. Ndiyo maana Pug za huko zilivishwa chujio la cheche juu ya bomba la moshi. Tangu 1893 treni ya umeme ya abiria ilipita juu ya barabara ya bandarini, kwenye daraja refu la chuma ambalo makuli waliliita mwavuli wao. Pug zilipita chini yake na mabehewa yao, hadi treni hiyo ilipofungwa mwisho wa 1956.

Wenyewe walibadilika. Mwaka 1923 Pug ziliingia mikononi mwa kampuni kubwa ya LMS, ambayo iliuza kadhaa. Serikali ilipotwaa reli mwaka 1948 ilikuta 23. Kisha ikaja dizeli, isiyohitaji kuwashiwa moto saa kadhaa kabla ya zamu. Ya mwisho ilistaafu 1964.

Mbili zimehifadhiwa. Moja, namba 51218, ilitumika kwenye reli ya taifa hadi mwisho ule. Nyingine, iliyoundwa 1910, LMS iliiuza kwa wakandarasi mwaka 1931, ikaendelea kusukuma mabehewa ya watu wengine huku dada zake wakikatwa vyuma chakavu.