Kutoka Msafara wa Miguu Hadi Noah: Gari la Familia Ukambani

Mtoto wa tatu akizaliwa, mzazi wa Matinyani, Kitui, anayefanya kazi Nairobi huanza kuliangalia gari lake la viti vitano kwa jicho jingine. Baba, mama, watoto watatu, na nyanya anayehitaji kupelekwa kliniki mjini Kitui: tayari ni watu sita. Ndipo anapoanza kuulizia bei ya Noah, Sienta au Wish, magari ya Toyota yenye safu tatu za viti. Swali lake si geni. Ukambani limeulizwa kila zama zilipobadilika, na mara nyingi familia ndiyo iliyofikiriwa mwisho.

Katika karne ya 19 jibu lilikuwa miguu. Misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mwaka 1849 mfanyabiashara mashuhuri Kivoi alimpokea mmishonari Johann Ludwig Krapf huko Kitui, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona Mlima Kenya kutoka huko. Kwa sehemu kubwa safari hizo zilikuwa za wanaume wenye nguvu. Wazee na watoto walibaki nyumbani wakisubiri.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita upande wa Makueni, kwenye vituo kama Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Kitui iliachwa kando. Kwa miongo mingi, mtu wa Kitui aliyetaka kusafiri alitegemea miguu yake, punda, na baadaye lori au basi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia baadhi ya askari wa Ukambani walirudi wakijua kuendesha magari na kuyatengeneza, lakini gari la nyumbani, la kumbeba mama na watoto, bado lilikuwa ndoto. Hata matatu, zilizoruhusiwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973 kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi, zilihesabu vichwa na nauli, si familia.

Gari la kwanza ambalo kwa maoni yangu lilistahili jina la gari la familia hapa Kenya ni Peugeot 504 ya stesheni wagoni. Modeli ya viti vya safu tatu ilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande, na kwa hiyo ilipopakiwa magunia na watu haikulala chini. Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 akiendesha 504, na sifa za gari hilo zikaenea hadi vijijini. Mwalimu mkuu au mfanyabiashara aliyekuwa nayo aliubeba ukoo mzima: bibi harusi, mgonjwa, hata jeneza lilifungwa kwenye keria. Lakini waliomudu kuinunua walikuwa wachache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wastani wa uzazi Kenya ulikuwa takribani watoto wanane kwa kila mwanamke. Wakati familia zilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote, nyingi hazikuwa na gari hata la viti viwili.

Ng'ambo, Volkswagen ilikuwa na basi lake dogo tangu mwaka 1950, Chrysler wakatoa gari la familia lenye mlango wa kuteleza mwishoni mwa 1983, na Renault wakafuata na Espace mwaka 1984. Hayo hayakuibadilisha Kitui. Kilichoibadilisha ni kulegezwa kwa masharti ya uagizaji katika miaka ya 1990, na magari ya mitumba ya Japani kuanza kumiminika katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Japani nao huendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia kama wetu. Noah ya mwaka 2001, kisha Wish na Sienta za mwaka 2003, zilitengenezewa familia za huko na lami yao laini. Sheria yetu inakataa kuagizwa kwa gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo kinachouzwa Nairobi leo kiliamuliwa Japani miaka kadhaa iliyopita.

Nayo familia imepungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliweka wastani wa uzazi kuwa watoto 3.4. Mbona basi viti saba? Kwa sababu gari la Mkamba wa Nairobi halipimwi kwa safari ya kwenda kazini. Hupimwa Desemba, linapoondoka mjini na unga, sukari, mafuta ya kupikia na binamu wawili walioomba lifti, kisha kurudi Januari na magunia ya maembe, kuku na dumu la asali. Sienta au Wish ikijaza safu ya tatu, buti hubaki nafasi ya mkoba mmoja tu, na mguu wa mtu mzima hauingii vizuri nyuma.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye watoto wawili wadogo na atunze bajeti yake, achukue Sienta ya injini ya cc 1500. Mwenye watatu na nyanya achukue Noah: mlango wake wa kuteleza na sakafu ya chini humwezesha mzee kupanda bila kubebwa. Aziepuke zile za zamani zenye injini ya D4, inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa maana si kila fundi wa sokoni ana vifaa vya kuitengeneza. Tena akague mkanda wa kila kiti, hasa safu ya nyuma wanakokaa watoto.

Hakuna lolote kati ya magari haya linaloweza kushindana na mto uliofurika. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi hilo lilikuwa kubwa na zito kuliko Noah yoyote. Wewe unayewapakia watoto kuelekea nyumbani msimu wa mvua, ukikuta maji yamefunika barabara, simama, shusha watu, subiri yapungue, hata kama jamaa wanakupigia simu kuuliza umefika wapi.